Liemba: mzinga ulisaidia nini?

Simulizi za Liemba, meli kongwe ya Ziwa Tanganyika, hapa Kigoma hukimbilia mzinga wake wa vitani. Meli yenyewe iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa abiria na mizigo, ikafunguliwa, ikapakiwa kwenye masanduku yapatayo 5,000, ikaja kwa reli na kuungwa upya hapa. Iliposhushwa majini Februari 1915 kwa jina la Graf von Götzen, Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imekwisha kuanza, ikaingia jeshini moja kwa moja. Ikafungwa mzinga wa milimita 105 uliookolewa kwenye manowari ya Kijerumani Königsberg, iliyozamishwa Rufiji.

Wanaousifu mzinga huo wana hoja nzito. Kikosi cha Mwingereza Spicer-Simson, kwa boti zake ndogo Mimi na Toutou, kiliziteka na kuzamisha meli za Kijerumani ziwani: kiliiteka Kingani na kuizamisha Hedwig von Wissmann, lakini Götzen hakikuithubutu. Ajabu ni kwamba baadaye mzinga ulihamishiwa nchi kavu, ukawekwa wa bandia wa mbao.

Kwa maoni yangu, thamani ya meli ilikuwa ngamani, yaani chumba cha mizigo chini, na sitahani. Ilibeba askari 800 hadi 900 kwa mkupuo kati ya Kigoma na Bismarckburg, Kasanga ya leo. Tukikadiria kilo 80 kwa askari na zana zake, watu 900 ni tani 72. Tatizo ni mahali pa kuziweka. Wakijazana sitaha ya juu, kitovu cha uzito hupanda na meli huinama kirahisi. Wakikimbilia ubavu mmoja, meli hulala. Kwa hiyo masanduku ya risasi hushuka ngamani, na matangi ya maji hujazwa pomoni au huachwa matupu, kwani maji nusu tangi hukimbilia upande uleule ulioinama. Mzinga mzito huko juu huongeza balaa, tena sitaha ya abiria huhitaji mihimili ya ziada chini yake ili ihimili kishindo cha mzinga ukifyatuliwa.

Bandarini nako kuna kazi. Pasipo gati, askari 900 kwa mashua ya watu 30 ni safari 30, na muda wote huo meli imetia nanga, shabaha nono kwa ndege. Za Wabelgiji ziliishambulia Kigoma mwaka 1916. Julai 26 Wajerumani wenyewe waliipaka mitambo ya meli grisi isishike kutu, wakaizamisha karibu na mdomo wa Malagarasi. Grisi hiyo ndiyo iliyowafaa Waingereza: waliiinua 1924, na 1927 ikarudi kubeba abiria kwa jina la Liemba, bila mzinga.