GIF si Hifadhi: Toa Fremu Kwanza

Mtu akiuliza namna ya kuhifadhi animesheni aliyochora, jibu linalomfikia mapema kuliko yote ni lilelile: toa GIF, faili la picha inayocheza, umemaliza. Jibu hili linanikera, maana hutolewa kwa nia njema na anayelipokea hana la kulalamikia siku hiyo. Hulalamika miezi mitatu baadaye, anapoihitaji kazi ileile kwa ukubwa mwingine au juu ya mandhari nyingine, akakuta amebaki na nakala ya rangi 256 yenye kingo zilizochanika.

Kuhifadhi ni jambo moja, kutoa (export) ni jambo jingine. Faili la kazi la programu ya kuchora, liwe .kra la Krita, .clip la Clip Studio Paint, .procreate la Procreate au .psd la Photoshop, ndilo linalobeba leya (tabaka za mchoro), fremu (picha mojamoja za mwendo), muda wa kila fremu na nafasi ya kurekebisha. Kinachotolewa ni picha ya kazi hiyo, na hakigeuki tena kuwa kazi. Kwenye Krita wengi huumia hapahapa: wanakwenda kwenye amri ya kuhifadhi kwa jina jipya, wanachagua PNG, wanapata fremu moja tu, ile iliyokuwa mbele yao wakati huo. Baya zaidi ni kwamba tangu hapo programu inaihesabu PNG hiyo kuwa ndilo faili linaloendelea. Kila ukibonyeza Ctrl+S unaandika juu ya picha bapa, huku .kra yako imebaki na hali ya jana. Amri unayoitafuta ni Render Animation, imo kwenye menyu ya faili.

Toa mfululizo wa picha za PNG kwanza. Kila mara, hata kwa kipande cha sekunde 2. Video na GIF zitatengenezwa kutokana na picha hizo.

Fikiria kompyuta ikikwama. Sekunde 10 kwa fremu 24 kwa sekunde ni fremu 240. Turubai la 1920 kwa 1080, kila pikseli ikichukua baiti 4, ni takriban MB 8.3 kwa leya moja iliyojaa. Zidisha kwa 240 na unakaribia GB 2, kabla hujatenganisha mistari, rangi na vivuli. Mashine yenye kumbukumbu ndogo inaweza kuzidiwa katikati. Ikikwama kwenye fremu ya 180 ilipokuwa ikitoa PNG, picha 179 ziko salama kwenye folda na unaendelea pale ulipoishia. Ikikwama ilipokuwa ikiandika MP4, yaani faili la video, moja kwa moja, kwa kawaida huna kitu. Faharasa inayoonyesha kila fremu iko wapi ndani ya MP4 huandikwa mwishoni kabisa, kwa hiyo faili lililokatika njiani halifunguki hata likiwa na mamia ya MB.

Halafu kuna marekebisho. Umegundua kidole kimoja kimesahauliwa kupakwa rangi kwenye fremu ya 57. Mwenye mfululizo anairekebisha fremu hiyo, anaitoa peke yake, anaiweka juu ya ile mbovu na kuunganisha upya. Mwenye video pekee anarudia kutoa zote. Krita yenyewe inakubaliana nami kwa vitendo: ukiiomba video, hutoa picha kwanza ndani kwa ndani, kisha FFmpeg, programu ya kuunganisha na kugeuza video, huziunganisha. Tangu toleo la 5.2 FFmpeg huja pamoja nayo. Matoleo ya nyuma yalikutaka uipakue na kuonyesha mwenyewe ilipo, na ndiyo maana maelekezo mengi ya zamani yanawachanganya wanaoanza.

PNG, wala si JPEG. JPEG haina uwazi, yaani haiwezi kuacha sehemu tupu inayoonyesha kilicho nyuma, na huacha vumbi kuzunguka mistari mikali, mahali ambapo jicho la mtazamaji hutua.

Majina ya picha yawe na tarakimu nne: fremu0001, fremu0002. Ukiandika fremu1, fremu2 mpaka fremu10, programu nyingi zitaipanga ya 10 kabla ya 2 na mhusika wako ataruka mbele na kurudi nyuma. Ndani ya Krita kuna kisanduku cha kutoa fremu za kipekee pekee. Kiache bila alama. Ukikiwasha, fremu uliyoishikilia kwa nafasi sita inatoka mara moja tu, na muda wote ulioupanga kwa uangalifu unapotea. Kagua pia fremu ya kwanza na ya mwisho kabla ya kubonyeza kitufe. Mstari wa muda ukiachwa mrefu kuliko uchoraji, unapata mkia wa picha iliyoganda.

Mandhari nyuma ya mhusika: izime kama picha zitawekwa juu ya kitu kingine, iwashe kama ni video ya kutazamwa ilivyo. MP4 ya kawaida, inayobanwa kwa mfumo wa H.264, haibebi uwazi, na PNG zenye uwazi zikiingizwa humo, sehemu tupu mara nyingi hutoka nyeusi. Mistari myeusi juu ya weusi huo inamezwa yote, na mtu anadhani programu imeharibika. Ukihitaji video yenye uwazi, tumia WebM ya VP9 au MOV ya ProRes 4444.

Kuunganisha, kwa anayetumia FFmpeg kwenye dirisha la amri:

ffmpeg -framerate 12 -i fremu%04d.png -c:v libx264 -crf 18 -pix_fmt yuv420p kazi.mp4

Kila kipande hapo kina kazi yake. Idadi ya fremu kwa sekunde lazima ije kabla ya -i. Usipoitaja, FFmpeg inasoma picha kwa fremu 25 kwa sekunde, na kipande chako cha picha 48, kilichotakiwa kuchukua sekunde 4, kinakwisha kabla ya sekunde 2. Ukiiweka -r 12 baada ya -i, ni afadhali usingeiweka: inasoma kwa 25, kisha inatupa fremu ili ifikie 12. Ile yuv420p huachwa na wengi kwa sababu video inacheza vizuri kwenye mashine yao bila hiyo. Lakini bila hiyo libx264, sehemu ya FFmpeg inayobana video kwa H.264, inaweza kutunza rangi kwa mfumo wa yuv444p, ambao simu na vivinjari vingi haviufungui. Mfumo huu wa 420 una gharama yake, nakubali. Rangi hutunzwa kwa nusu ya upana na nusu ya urefu, kwa hiyo mstari mwekundu wa pikseli moja juu ya buluu utafifia. Chora mistari ya rangi kwa unene wa pikseli 3 au zaidi kama kazi inaelekea kwenye video.

Mfumo huohuo unataka upana na urefu vigawanyike kwa 2. Turubai la 1081 kwa 1351 litakataliwa, na ujumbe wa kosa husema wazi kwamba upana haugawanyiki kwa 2, ila umefichwa katikati ya mistari thelathini ambayo hakuna anayeisoma. Ongeza -vf "pad=ceil(iw/2)*2:ceil(ih/2)*2" na jambo limekwisha. Kama picha zako zinaanzia 0180, ongeza -start_number 180 kabla ya -i, la sivyo utaambiwa hakuna faili lililopatikana ilhali folda imejaa.

Nirudi kwenye GIF. Ina sifa yake: inacheza karibu kila mahali na inajirudia yenyewe. Kwa sanaa ya pikseli yenye rangi 16 haipotezi chochote, na hapo sina ubishi. Shida ni kuitumia kama ghala la kazi iliyopakwa kwa brashi laini. Kila fremu inaruhusiwa rangi 256 tu, kwa hiyo anga linalofifia taratibu linageuka kuwa mistari mistari. Uwazi wake hauna katikati: pikseli ama ipo ama haipo. Ukingo laini wa brashi, ambao ni nusu rangi na nusu uwazi, lazima uangukie upande mmoja, na ndipo unapoona utando mweupe kuzunguka nywele za mhusika.

Linalosahaulika kuliko yote ni muda. GIF hupima muda wa kusubiri wa kila fremu kwa sehemu za mia za sekunde, bila desimali. Fremu 24 kwa sekunde zinahitaji sehemu 4.17 kwa kila fremu, kitu kisichoandikika. Programu moja itaandika 4, na mwendo utakuwa wa fremu 25. Nyingine itachanganya 4 na 5, na mwendo utatetemeka kidogo. Ukijua tangu mwanzo kwamba kazi itaishia kwenye GIF, chora kwa fremu 10, 20 au 25 kwa sekunde, maana hizo zinagawanyika sawasawa. Usikimbilie fremu 100 kwa sekunde pia: vivinjari vingi vikiona kusubiri kwa sehemu 1, huibadilisha kuwa 10, na mbio unazozitaka zinakuwa matembezi.

Kutoka kwenye mfululizo, GIF nzuri hupatikana hivi, kwa kuiacha FFmpeg itafute kwanza rangi bora kwa kazi nzima:

ffmpeg -framerate 10 -i fremu%04d.png -vf "split[a][b];[a]palettegen[p];[b][p]paletteuse" kazi.gif

Wa Procreate, kumbukeni kwamba kila leya au kila kundi la leya ni fremu moja, kwa hiyo mistari na rangi zisizofungwa kwenye kundi zitatoka kama fremu mbili. Ikiwa unahitaji uwazi kwenye video, chagua HEVC, aina nyingine ya video, badala ya MP4. Wa Clip Studio Paint PRO mna kikomo cha fremu 24 kwa animesheni moja. Kipande kirefu kinahitaji toleo la EX, na ni vyema kujua hivyo kabla ya kuchora ya 25.

Kabla ya kusambaza chochote, fungua folda na uhesabu. Sekunde 4 kwa fremu 12 ni picha 48. Krita huanza kuhesabu kwenye 0, kwa hiyo fremu ya mwisho ni 47. Ukiandika 48 unapata picha ya 49. Kwenye video hutaiona, lakini kwenye mzunguko usio na mwisho itaonekana kama kusita kidogo mahali palepale, kila baada ya sekunde 4. Na kama ulirudia mchoro wa kwanza mwishoni ili mzunguko ufunge, uondoe kwenye folda. Mzunguko unafungwa na ule wa mwanzo.