Meli ya Doria na Deheni Yake

Feri ya Likoni inaposimama kupisha meli inayoingia Kilindini, mimi huangalia rangi kwanza. Ikiwa ya kijivu, tena fupi, moyo hufurahi: huenda ni Shujaa, au pacha wake Shupavu. Hizi ni meli mbili za doria za Jeshi la Wanamaji la Kenya, zilizojengwa na kiwanda cha Gondán huko Asturias, Hispania, zikaanza kazi 1997. Urefu mita 58, tani kama 480. Zikipita ubavuni mwa meli ya makontena utadhani ni dau.

Wapo wanaotaka manowari kubwa zaidi. Mimi siwaungi mkono. Anayevua jodari wetu kwa wizi, au anayepitisha heroini kwenye jahazi, hatishwi na ukubwa wa meli iliyofungwa gatini. Kutoka Kiunga hadi Vanga tunahitaji meli ndogo zinazokuwako baharini, kusi na kaskazi.

Kuwako huko ndiko kunakonikera. Mvuvi wa Shimoni huipandisha mashua yake mchangani, akaikwangua chaza, akaikalafati, yaani kuziba nyufa zake, na kuipaka deheni, mafuta ya kulinda mbao, kesho kutwa yuko majini. Manowari zetu je? Nyayo na Umoja, zilizoundwa Uingereza miaka ya 1980, zilipelekwa Italia kutengenezwa, zikarudi 2011. Shujaa naye akapelekwa Uholanzi. Na chombo kikiwa Ulaya, zamu yake baharini hailindwi na mtu.

Shupavu alikarabatiwa hapa hapa Mombasa, Mtongwe, ambako sasa kuna Kenya Shipyards, kampuni ya serikali iliyoanzishwa 2020. Kwangu mimi hiyo ni habari kubwa kuliko ununuzi wowote wa silaha. Mapacha ni wale wale, mmoja amevushwa bahari, mwenziwe amehudumiwa nyumbani na mafundi wanaolala Likoni.

Tusiishie kwenye matengenezo. MV Doria, meli ya Walinzi wa Pwani waliozinduliwa 2018, ilijengwa Bangladesh, nchi iliyopata uhuru baada yetu. Walijifunza kwa kujenga. Basi boti ya doria ijayo ya Lamu, hata ikiwa ya mita 20 tu, bamba lake la kwanza likatwe Mtongwe, na vijana wa uchomeleaji kutoka vyuo vya ufundi vya Pwani wawepo tangu siku hiyo, wakilipwa.