Nati nne hazitoshi

Gereji moja ndogo hapa Birmingham imekataa kunirudishia RAV4 yangu ya 2002 kwa sababu tairi moja la mbele lilikuwa na nati nne badala ya tano. Stadi ya tano, ile boliti inayoshika nati, nyuzi zilishaliwa. Nilikasirika, maana mimi nilipeleka brekipedi tu.

Hasira iliisha nilipomwona fundi kazini. Alifungua kalipa, kile kifaa kinachobana brekipedi kwenye diski, akaining'iniza kwa waya ili isivute mpira wa breki, akatoa diski, akaigonga stadi mbovu ikatokea nyuma ya habu, kitovu ambacho tairi hufungwa. Mpya akaivuta kwa nati na washa hadi meno yake yakakaa. Pini za kalipa zilizokuwa zimeganda akazisafisha na kuzipaka grisi. Mwisho alikaza kila nati kwa spana ya kipimo, ile inayoonyesha nguvu ya kukaza, hadi nyutoni-mita 103.

Nawasikia wenzangu wa nyumbani Tanzania: "Kakaa Ulaya kidogo, kaanza kudharau mafundi wetu." Hapana! Fundi wa Gerezani, Dar es Salaam, anakaa mchangani, juani, anasikiliza gari likipita na kukwambia beringi ya upande gani imekufa. Najivunia watu hao popote nilipo. Wanaonichosha ni sisi wenye magari. Fundi anasema, "Bosi, stadi hii tubadilishe," tunamjibu, "Zilizobaki zinatosha, funga twende." Akisisitiza, tunamwambia achomelee, na moto ule unaharibu ugumu wa chuma chenyewe. Kisha anapanda kwa mguu juu ya spana kukaza zile nne, nazo zinavutika. Halafu tunapakia watoto kwenda Mbeya, na kurudi tunashuka mlima Kitonga.

Mtasema maisha magumu. Nayajua, nimekulia humo. Lakini hela ya rimu mpya na redio tunaipata, na stadi ni kipande cha chuma cha bei ndogo kuliko vyote hivyo.

Mtasema Uingereza kuna ukaguzi wa lazima. Kweli, gari likishapita miaka 3 hupimwa kila mwaka, na brekipedi ikipungua chini ya milimita 1.5 linafelishwa. Ila siku yangu ya ukaguzi ilikuwa bado. Fundi alikataa mwenyewe, hakuna askari wala mkaguzi aliyemsimamia, na hakuogopa kwamba nitahamia kwa jirani yake. Fundi wetu akikataa hivyo, kesho hana mteja.

Kaka yangu wa Mbagala nimeshamwambia: nikija Desemba namletea fundi wake spana ya kipimo, na stadi zote za gari lake, Toyota Noah, ziwe zimekamilika kabla hatujaanza safari.