Salme alikuwa na ndugu kabla ya kuwa na Mjerumani

Juzi nilikuwa Mji Mkongwe na wageni wangu kutoka bara. Mtembezaji wetu, kijana mchangamfu wa kanzu na miwani ya jua, akayamaliza maisha ya Bibi Salme kwa dakika mbili: binti Sultani, jirani Mzungu, mimba, manowari ya Waingereza, Hamburg. Wageni wakayeyuka. Mimi nikanuna mpaka muuza kahawa akaniuliza kama nimeibiwa.

Nimeibiwa, ndiyo!

Haya, ya Ruete, huyo jirani Mjerumani, ni matamu, sikatai. Lakini aliyetoroka 1866 alikuwa mtu mzima. Mimi namtaka wa 1859, kigori wa miaka 15.

Mama yake, Jilfidan, alikuwa suria wa Kicherkesi. Baba, Seyyid Said, Sultani wa Zanzibar, aliacha watoto 36, na mke mkubwa, Azza bint Seif, hakuzaa hata mmoja. Katika msitu huo wa ndugu, Majid ndiye aliyewakaribisha Salme na mama yake nyumbani kwake, Beit al-Watoro, binti akajifunza kupanda farasi na kulenga shabaha. Tena akajifundisha kuandika kwa siri, maana wasichana walifundishwa kusoma tu: msahafu mbele yake, mfupa wa bega la ngamia mkononi, ananakili herufi moja moja.

Mama akafa kwa kipindupindu. Barghash, ndugu mwingine, akautaka ufalme alioupata Majid baada ya baba, na Khole, dada ambaye Salme alimpenda kupita kiasi, yuko kwa Barghash. Ungefanya nini wewe, yatima wa miaka 15? Akamfuata dada. Na kwa kuwa anajua kuandika, akawa karani wa uasi. Jamani, mkono uliofunzwa kulenga shabaha nyumbani kwa Majid ndio ulioandika barua za kumpindua Majid!

Nyumba ya Barghash ilipozingirwa, Salme na Khole wakapita usiku kati ya askari, wakamtoa kaka yao amevaa nguo za kike, yamebaki macho. Uasi ukashindwa, Barghash akapelekwa Bombay. Majid akamsamehe Salme. Walipopatana hao wawili, Barghash akaweka kinyongo. 1885 Salme aliporudi Unguja, mjane, Barghash ndiye Sultani, akakataa kumwona.

(Na ndiyo, kwenye kumbukumbu zake aliutetea utumwa. Hilo silifuniki.)

Nilimmwagia kijana haya yote pale pale barazani. Akanisikiliza kwa adabu, akatazama saa, akasema: "Sawa mzee wangu, lakini wageni wanapenda ile ya Mjerumani."