Muuguzi si karani wa madeni

Sina ugomvi na neno "mteja". Nalisema mapema kwa sababu kila wauguzi wawili watatu wanapokutana kwenye chai, hasa Oktoba ile Wiki ya Huduma kwa Wateja inapofika na keki zake, mjadala ni huo huo: tangu lini mgonjwa akawa mteja? Dada zetu waliotutangulia kazini hawataki hata kulisikia. Vijana hawaoni shida yoyote. Mimi naona lina mahali pake. Mama aliyekuja kuchagua njia ya uzazi wa mpango haumwi, na anastahili kuelezwa sindano, vipandikizi na vidonge, kisha aamue mwenyewe. Kwenye kliniki ya tiba na matunzo ya wanaoishi na VVU nako, watu wanaokunywa dawa zao vizuri huku wanalima, wanavua na kusomesha watoto, kwa nini waitwe wagonjwa miaka nenda rudi? Waiteni wateja, mimi nitaitikia.

Kinachonikera ni daftari.

Kwa asiyejua: wodini kila kifaa kinachotumika kwa mgonjwa kinaandikwa. Glovu jozi mbili, kanula ya pinki moja, seti ya dripu, maji ya chumvi chupa mbili. Anayeandika ni muuguzi. Anayeingiza kwenye mfumo ili bili itoke ni muuguzi. Anayemfuata ndugu wa mgonjwa pale nje chini ya mwembe kumwambia namba ya malipo iko tayari, akalipe kwa simu au kwa wakala, ni muuguzi huyo huyo. Na mtu akiondoka na deni, asubuhi simu ya uhasibu haipigwi kwa daktari. Inapigwa wodini: "Sista, yule wa kitanda cha saba imekuwaje?"

Usiku mmoja aliletwa bibi kutoka vijiji vya huko mbele ya Tandahimba. Walikuja kwa bodaboda, wamepakiana mshikaki, bibi katikati, mjukuu nyuma amemshika kiuno asianguke. Ametapika na kuharisha tangu jana yake, midomo imekauka, mapigo yanakwenda mbio. Nimemfunga mkono, natafuta mshipa, mjukuu ananiuliza, "Sista, hiyo dripu shilingi ngapi?" Sijajibu, bibi mwenyewe akauvuta mkono wake. "Mwanangu, hiyo acha. Nipe panado nirudi nyumbani."

Mishipa ya mzee aliyeishiwa maji unaipata kwa bahati, na nilikuwa nimeshaupata. Nikaanza upya kubembeleza: bibi, habari ya hela tutaongea kesho, leo nipe mkono. Akanipa, shingo upande. Sasa niambieni, pale nilikuwa nani kwake? Kwa macho yake nilikuwa mtu wa kumtibu na mtu wa kumdai kwa wakati mmoja, na alichokiona kwanza ni deni.

La kusikitisha zaidi, bibi yule alikuwa na haki ya msamaha. Sera ya Afya ya 2007 inawataja wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo, pamoja na wajawazito na watoto wa chini ya miaka mitano. Lakini msamaha una njia yake: barua ya mtendaji wa kijiji, kisha ofisi ya ustawi wa jamii. Mtendaji yuko kijijini amelala. Ofisi ya ustawi inafungwa saa tisa na nusu alasiri. Kuhara hakuna saa za kazi.

Siwezi kujifanya sijui fedha inafanya nini. Uchangiaji wa gharama za matibabu ulianza 1993 kwa sababu huduma ilikuwa bure na rafu zilikuwa tupu. Mgonjwa alitumwa duka la dawa kununua hata pamba. Leo Bohari ya Dawa ikikosa kitu, kituo kinakwenda kwa mshitiri, yaani muuzaji binafsi aliyeidhinishwa, na fedha iliyokusanywa dirishani. Glovu nilizovaa usiku ule zilinunuliwa hivyo. Anayesema hospitali iache kabisa kukusanya aseme na glovu zitatoka wapi.

Tatizo langu ni pale hesabu ilipovuka mlango wa uhasibu ikaja kukaa kwenye ripoti ya asubuhi. Zamani ripoti ilikuwa waliolazwa wangapi, mahututi ni nani, nani amefariki na kwa nini. Bado tunasoma hayo, lakini siku hizi yanafuatiwa na makusanyo, na hapo ndipo watu wanakaa wima. Nimekaa kwenye kikao (mahali sipataji, wenyewe wanajijua) wodi ya wazazi ikaelezwa kuwa "haiingizi". Bila shaka haiingizi, wajawazito wamesamehewa kwa mujibu wa sera! Pale mkunga mmoja anaangalia akina mama wanne wenye uchungu, na akiomba aongezewe mwenzake, anajibiwa kwa lugha ya mapato. Hilo neno "haiingizi" linanitisha kuliko "mteja" mara mia.

Bima nayo tuliipokea kama ukombozi, na kwa kiasi fulani ni kweli. Mwenye kadi ya NHIF, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, harudishi mkono wake. Ila fomu yake isipojazwa sawasawa, sahihi ikikosekana au ugonjwa usipolingana na dawa, dai linakatwa, na anayetafutwa tena ni muuguzi, aache kugeuza mgonjwa wa kiharusi aje apekue mafaili. Machi 2024, Mfuko ulipobadilisha kitita, yaani orodha ya huduma unazolipia, na bei na hospitali binafsi zikagoma kuwahudumia wanachama wake, wengi walijua kwa mara ya kwanza kwamba matibabu yao ni biashara yenye mnunuzi na muuzaji. Sisi wa wodini tulishajua.

Halafu kuna jambo la huku kwetu Kusini ambalo wapanga mipango wanalisahau. Hela ya Mtwara na Lindi ina msimu. Korosho zinauzwa Oktoba mpaka Desemba, mnada unapita, malipo yanaingia, na miezi miwili mitatu kila mtu ana uwezo. Ukija Machi, mvua imekolea na chakula kimepungua ghalani, noti ya elfu kumi inatafutwa kwa tochi. CHF iliyoboreshwa, ile bima ya afya ya jamii, ilipangwa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita kwa mwaka. Mwaka 2018, serikali ilipotangaza kununua korosho kwa shilingi 3,300 kilo, hiyo ilikuwa thamani ya kilo tisa na kidogo. Nani atashindwa kilo tisa? Lakini msimu ule ule wako waliosubiri malipo yao kwa miezi. Mchango ungekatwa AMCOS, kwenye chama cha ushirika cha wakulima, siku ya malipo, kwa hiari ya mkulima, kadi nyingi zingekuwa hai mwezi wa tatu. (Najua neno "makato" likitajwa kwa mkulima wa korosho anakunja uso, na ana sababu zake.)

Ninachotaka kwa upande wetu ni kidogo na hakihitaji sheria mpya. Muuguzi aandike alichotumia kwa mgonjwa, kama kumbukumbu ya tiba, na kazi yake iishie hapo. Bei, bili na kufuatilia deni vibaki kwa mhasibu, na mhasibu awe na zamu ya usiku kama sisi. Ofisa ustawi wa jamii apangiwe zamu ya simu, ili mzee akiletwa saa nane za usiku mtu apige, msamaha uandikwe, barua ya mtendaji ifuate baadaye. Serikali imeshakataza zaidi ya mara moja hospitali kuzuia maiti kwa ajili ya deni, na zuio hilo ni zuri. Wangeanza kumtazama na aliye hai.

Tuliyaandika haya wauguzi kadhaa tukayapeleka kwenye kikao cha menejimenti. Hakuna aliyetupinga. Tuliambiwa posho ya zamu ya usiku kwa mhasibu na ofisa ustawi haimo kwenye bajeti, tusubiri ya Julai. Julai ikifika nitauliza tena, na safari hii tutakwenda na orodha ya wagonjwa wa usiku waliokataa matibabu kwa kuogopa bili, umri na kijiji, bila majina.