Fuko na mwili wake wa baridi: anakwepa joto au anabana matumizi?

Pembezoni mwa Lubumbashi, kwenye mashamba ya mihogo upande wa Kipushi, anayewinda fuko hahitaji mtego. Anafukua njia ya mnyama kwa jembe, anaacha tundu wazi, kisha anatulia kimya. Fuko anakuja mwenyewe kuziba. Hataki upepo wala mwanga ndani ya njia zake. Anataka hewa yake ileile, nzito na yenye unyevu. Jembe linashuka nyuma yake, na jioni bukari (ugali wa huku) inapata mboga.

Fuko mkubwa wa Katanga na Zambia ni wa jenasi (kundi la spishi za karibu) ya Fukomys. Jina hilo lilitolewa mwaka 2006 kutokana na neno letu la Kibantu, heshima ambayo wanyama wachache wameipata. Joto la mwili wake ni kama digrii 34, wakati panya wa nyumbani yuko kwenye 37. Hata akipumzika, anatumia nguvu kidogo kuliko wanyama wa jamii ya panya wenye uzito wake wanaoishi juu ya ardhi. Kwa nini?

Mwanabiolojia Brian McNab alijibu mwaka 1966: ni kwa sababu ya joto. Shimo lililozibwa halina upepo, na hewa yake imejaa mvuke kiasi kwamba mwili haupoi. Aliyewahi kushuka mgodini anaijua hali hiyo: jasho linatiririka tu, halikauki. Anayechimba humo angejipika, basi heri moto wake wa ndani uwe mdogo tangu mwanzo.

Mtafiti mwingine, David Vleck, mwaka 1979, alileta hesabu nyingine. Alipima panya wachimbaji wa Marekani akakuta kwamba kwenda umbali fulani kwa kuchimba kunagharimu nguvu mara 360 hadi 3,400 kuliko kuutembea umbali huohuo juu ya ardhi. Na fuko anachimba kwa meno, bila kujua mzizi uko wapi. Mtu wa kipato cha kubahatisha hubana matumizi hata siku ambayo hafanyi kazi.

Hoja ya joto inamkaa vizuri fuko asiye na manyoya wa Kenya, Ethiopia na Somalia: njia zake zina digrii 30 hivi, mwili wake 32. Lakini Lubumbashi iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai joto hushuka chini ya digrii 10. Udongo wa hapa hauko karibu na 34. Fuko wetu akae akiogopa joto gani? Ndiyo maana naegemea kwa Vleck.

Ila tumbo linanikwamisha. Mgeuze fuko uone: mgongoni manyoya yamesongamana, tumboni ni machache. Kamera za joto zimeonyesha kwamba joto linamtoka hasa upande huo wa chini. Kama joto halimsumbui, dirisha hilo ni la nini? Nadhani tunachanganya maswali mawili. Wakati anasukuma udongo, misuli inawaka na joto lazima lipate pa kutokea, hata udongo ukiwa wa baridi. Hapo McNab ana haki. Lakini kiwango kidogo cha nguvu anachotumia mnyama aliyelala na wenzake kwenye kiota ni suala la bajeti.

Oktoba haitatusaidia kuamua, maana joto na ugumu wa udongo vinakuja pamoja. Afadhali kulinganisha Julai, udongo ukiwa mkavu na wa baridi, na Februari, mvua ikiwa imeulainisha na hali ikiwa ya joto. Mafuko wa miezi hiyo miwili wapimwe wakipumzika kwenye chumba chenye joto lilelile. McNab akiwa sahihi, wa Februari ndio watakaotumia nguvu kidogo. Mimi natarajia wawe wa Julai.