Wa Njano Tangu Saa Nne Asubuhi

Mke wangu alipoondoka Ijumaa ile kwenda kwao Marangu kusaidia maandalizi ya kipaimara, aliniachia maagizo matatu: Gloria ale, Gloria avae sweta, na gauni jeupe la Gloria lisiguswe na mtu mpaka Jumapili. Hakusema lolote kuhusu rangi ya Gloria mwenyewe. Nalitaja hilo mapema kwa sababu baadaye lilijadiliwa sana na ukoo wa wakwe, na mimi mpaka leo nashikilia kwamba halikuwemo kwenye maagizo.

Ilikuwa likizo ya Juni. Chekechea imefungwa, mtoto ana miaka minne, na LUKU ikakata saa mbili na nusu asubuhi wakati katuni ndiyo kwanza imenoga. Hela ya umeme ilikuwa kwenye mkoba wa mke wangu, na mkoba ulikuwa Marangu. Gloria aliitazama runinga nyeusi, akanitazama mimi, akauliza, "Sasa baba, tunafanya nini?" Baada ya dakika tano akauliza tena. Alipouliza mara ya tisa nikamkumbuka shemeji.

Mdogo wake mke wangu yuko Uingereza, analea watoto wadogo kwenye kituo kimoja huko. Nikamwandikia: "Shem, mtoto ananimaliza. Nimpe kazi gani?" Akanirudishia ujumbe wa sauti wa dakika sita, na nyuma yake unasikia watoto wanacheka na ndege wanaimba.

"Shem, mbona rahisi! Huku sasa hivi ni kiangazi, watoto tunashinda nao nje. Wanafinyanga unga wa chumvi, wanapaka rangi viganjani, wanagonga mihuri kwenye vitambaa, tunaanika juani. Rangi usinunue, tumia manjano. Ni kiungo cha chakula, hata wakilamba hakuna neno." Kisha mwishoni, kama mtu anayeongeza chumvi kidogo: "Na doa likigoma kutoka usihangaike, shem. Manjano haiwezani na jua. Anika tu, linapauka lenyewe."

Neno "jua" lingenishtua pale pale kama ningekuwa na akili timamu. Huyu yuko nchi ambayo mwezi wa sita jua linazama saa tatu usiku na ushee. Mimi niko Moshi, Soweto. Mwezi wa sita hapa mlima unavuta blanketi la mawingu mpaka kichwani na kugeukia ukutani. Mita 5,895, huoni hata moja. Watalii wanauliza Kilimanjaro iko upande gani, tunawanyooshea kidole kwenye wingu, nao wanalipiga picha wingu. Ukifua suruali Jumatatu unaivaa Alhamisi, na pindo la kiunoni bado linakukumbusha kwamba ulifua.

Lakini nilikuwa na sarafu mfukoni na mtoto anauliza mara ya kumi. Nikaenda kwa Mangi.

"Pakiti nne za manjano."

"Una shughuli nyumbani?"

"Ya sanaa."

Mangi akanihesabia pakiti bila kuuliza tena. Amekaa dukani miaka mingi, amejifunza kutotaka kujua.

Unga wa chumvi haukunisumbua: vikombe viwili vya unga wa ngano, kimoja cha chumvi, kimoja cha maji, unakanda mpaka uache kushika vidole. Gloria akafinyanga mlima wenye macho mawili. Kazi ilikuwa kwenye rangi. Shemeji alisema nipike uji mzito wa ngano nitie manjano kijiko kimoja. Nikatia kimoja, nikaona uji umekuwa na rangi ya mtu aliyechoka. Nikamwaga pakiti zote nne. Ukawaka kama daladala mpya.

Nilianza na mtoto mmoja. Sijui habari zinasafirije mtaani kwetu, lakini nilipoinua kichwa kutoka kwenye sufuria nikahesabu sita. Wa sita alikuwa Godlisten, mjukuu wa bibi wa nyumba ya pili. Wazazi wake walimpa jina hilo wakiomba Mungu asikie, maana yeye mwenyewe hasikii.

Nikawapanga, nikawapa vipande vya maboksi. Wakagonga viganja vizuri kabisa. Nilijivunia. Kisha nikaingia ndani kutafuta kamba ya kuanikia, na kamba ilikuwa chini ya kitanda, nyuma ya sanduku, nyuma ya kiatu nilichokitafuta tangu Pasaka. Haikuzidi dakika saba.

Nilipotoka, Godlisten alikuwa ametangaza kwamba wao ni simba. Uso, shingo, masikio, tumbo, miguu mpaka vidoleni. Walipakana kwa uaminifu mkubwa, hakuna aliyemruka mwenzake. Simba sita wakaninguruma. Saa ya simu yangu ilisema saa nne kamili.

Nikachota maji, nikachukua sabuni ya mche, nikaanza na mkono wa Gloria. Nikasugua. Povu likawa jekundu. Mkono ukawa mwekundu. Si wekundu wa haya, ni wekundu wa buchani. Nikapiga ukelele ambao sitaki kuuzungumzia. Nilidhani nimemchuna mtoto.

"Baba, fanya na huku!" Gloria akanipa mkono wa pili, amefurahi.

Wenzake walipoona wakaupora mche wa sabuni. Kufumba na kufumbua watoto wote walikuwa wekundu, wanarukaruka kwenye maji mekundu. Litmasi nilisoma sekondari na mtihani nikafaulu. Hakuna aliyenieleza kwamba manjano nayo ina tabia hizo hizo, kwamba ikikutana na sabuni yenye magadi inageuka. Ningejua ningesoma kwa makini zaidi.

Ndipo geti likalia. Bibi yake Godlisten, ametoka sokoni Mbuyuni na kikapu chake. Watoto wetu wana adabu, hilo siwezi kuwanyima. Wote sita wakageuka, viganja vyekundu juu, vinadondosha, wakasema kwa pamoja: "Shikamoo bibi!"

Hakuitika. "Yesu wangu! Baba Gloria, umefanya nini?"

"Ni rangi tu, bibi."

Akamkamata Godlisten, akamnusa, akaona kweli si damu. Akavuta pumzi. Akatoa ndimu kikapuni akaikata. "Hakuna rangi inayoishinda ndimu," akasema, akamkamulia shavuni na kusugua. Wekundu ukaondoka kama alivyosema. Chini yake ukatokea unjano, safi, unang'aa.

Bibi akaacha kusugua. Akajaribu shavu la pili. Njano. Akajaribu tumbo. Kwa hesabu zake, rangi imetoka, kwa hiyo kilichobaki ni mtoto.

"Baba Gloria," akasema kwa sauti ya chini, "huyu mtoto ana manjano."

Mimi, mtu mkweli, nikajibu: "Ndiyo bibi. Pakiti nne."

Hakusikia pakiti. Alishatoka barabarani kusimamisha bajaji. Nikamkimbilia nieleze, watoto wakanikimbilia mimi, na dereva akasema wote wapande maana kama ni ugonjwa umeshawapata wote. Mpaka leo sielewi tulivyoenea.

Kwenye zahanati watu walitupisha benchi zima bila kuombwa. Nesi akamkalisha Godlisten mezani.

"Ameanza kuwa wa njano lini?"

"Saa nne asubuhi," nikasema.

Nesi akaweka kalamu chini. Akamfunua macho: meupe pe, na mgonjwa wa kweli macho ndiyo hutangulia kusema. Akachovya pamba kwenye spiriti akampangusa mkono, pamba ikawa njano. Akainusa. Akamnusa na mtoto.

"Bibi," akasema, "huyu mtoto hana manjano. Huyu mtoto amepakwa manjano." Kisha akanitazama mimi. "Wewe ndiye baba yake?"

"Jirani."

"Na yule simba kwenye benchi?"

"Yule ni wangu."

Nauli ya bajaji ya kurudi nililipa mimi. Hakuna aliyeniambia nilipe, lakini bibi alikuwa ameshika ndimu iliyobaki kwa namna isiyohitaji maneno.

Jioni nikampigia shemeji. "Anika juani tu, shem," akasema, anakula kitu baridi. Jumamosi nikapanga viti sita uani kuanzia saa tatu. Wazazi wa wale wengine walikuja kuangalia na wengine wakakaa, kama msibani. Tukalingoja jua. Lilitokea saa nane, likatuangalia kama robo saa, likarudi zake. Mlima wa Gloria wa unga wa chumvi haukukauka pia. Ulilala ubavu na jicho moja likaanguka.

Jumapili nilimvika gauni jeupe lisiloguswa na mtu, tukapanda Hiace ya Marangu. Weupe wa gauni ulimkoleza zaidi. Kwenye picha ya ukoo wamesimama watu arobaini kwenye kivuli cha migomba, na katikati yao kuna taa imewashwa. Mama mkwe alinivuta pembeni akaniuliza kwa upole kama mtoto ameanzishiwa dawa. Mke wangu hakuwa mpole.

"Baba Gloria, nilikuachia mtoto wa rangi gani?"

Nilikuwa bado natafuta jibu simu ilipolia. Ujumbe wa shemeji. Alituma picha ya vitambaa vyeupe kwenye kamba, bustani imejaa mwanga, na maneno haya: "Shem, jua la huku kali, limetufutia kazi zote za watoto, wamelia mpaka basi. Za kwenu zimeshika?"

Mke wangu akaichukua simu mkononi mwangu, akamtazama Gloria anayekula ndizi kule kwenye mkeka, akajibu mwenyewe.

"Zimeshika."